Waliowahi kuchorewa paka wao kutoka kwenye picha, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za wikiendi. Mama mkwe wangu yuko Tanga, ana paka shume wa manjano anamwita Bwana Shamba, na kwa huyo paka hasikii la mtu. Mwezi ujao bi mkubwa anatimiza miaka 70. Nataka nimpelekee picha ya Bwana Shamba iliyochorwa kwa mkono, siyo ya kusafishwa studio. Nilichonacho ni picha za simu tu. Mliowahi kuchorewa, mchoraji mlimpata wapi, malipo mlikubalianaje, na kilichotoka kilifanana na paka wenu au na wa jirani? Leteni visa, hata vilivyoharibika.

Mkazi wa Kinondoni
Mimi nilimpa kijana wa kando ya barabara, wale wanaotundika sura za viongozi na wachezaji ukutani. Penseli, karatasi ya A3, nusu kabla na nusu siku ya kuchukua. Mkono anao, tatizo alizoea kuchora watu. Macho akayatoa ya binadamu, mboni duara na weupe pembeni, paka akawa ananitazama kama mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayesubiri mchango. Bahati penseli inafutika. Nikampelekea picha nyingine ya macho tu, mchana, mboni zimekuwa mstari, akarekebisha hapohapo bila kuongeza hata mia. Kabla hujatoa hela mwambie akuonyeshe mnyama aliyewahi kumchora. Sura ya rais isikudanganye.

Mpenda Rangi
Mimi nilikwenda kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oyster Bay. Wanaojua historia wanajua Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi za mafuta za kung'aa juu ya hadibodi, na alifariki 1972, lakini mtindo haukufa naye. Mzee mmoja akaitazama picha yangu kidogo tu, akarudisha simu. Niliporudi nikakuta paka wa madoa ya buluu, shingo ndefu, kazungukwa na ndege. Wangu ni mweupe! Nikaichukua hivyohivyo na wageni wote wanaiulizia. Ila mkuu, kwa bi mkubwa anayetaka kumwona Bwana Shamba wake, kule siyo. Nenda ukitaka pambo.

Bi Mdogo wa Unguja
Assalaam aleikum. Kabla ya mchoraji, ulizia kwanza kama mwenyewe ataitundika. Mimi nilimchoresha paka wa babu, kazi nzuri, babu akashukuru, halafu akaigeuza uso ukutani. Kwake yeye picha ya kiumbe chenye roho haikai nyumba inayosaliwa. Paka mwenyewe analala juu ya msala wake na hamfukuzi, lakini mchoro hapana. Nikamuuliza mbona picha ya harusi ya shangazi ipo sebuleni, akasema ile ni ya kamera, si ya mkono. Wapo masheikh wanaotofautisha hivyo na wapo wasiotofautisha, sitaki kufungua mjadala huo hapa. Mchoro ninao mimi chumbani, babu nikamwekea fremu ya picha ile ile niliyompa mchoraji. Akafurahi zaidi.

Shangazi wa Likoni
Mimi nililetewa kanvasi inang'aa, paka mzuri kupita kiasi. Nikaipeleka dirishani. Sharubu za kushoto zimeanzia shavuni zikapotelea kwenye sikio, na ukipitisha kidole husikii rangi yoyote, laini tupu. Ilikuwa programu ya simu imegeuza picha, kisha ikachapishwa. Nilikuwa nimelipa bei ya mkono. Siku hizi nataka video fupi ya kazi ikiendelea, brashi naiona, na hela ya mwisho haitoki kabla ya hapo.

Brashi Kavu
Mimi ni mchoraji, niko Arusha, wanyama ndio wanaonilisha. Niseme ukweli ambao wateja wengi hawaupendi: mimi nachora picha, sichori paka. Sikio lake lililochanika kama halionekani kwenye picha, sitalijua mpaka uniambie.

Kwa hiyo piga ukiwa umechuchumaa, kamera iwe usawa wa macho yake. Ukipiga ukiwa umesimama unanipa kichwa kikubwa chenye miguu ya panya. Usimsogelee sana, pua inavimba. Kaa mbali kama mita mbili, kisha vuta kidogo kwa zumu ya kamera. Zima flashi. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana anatoka na taa mbili za kijani, na rangi halisi ya jicho siioni tena. Mwanga wa dirisha asubuhi unatosha. Paka mweusi mtoe nje kivulini, maana ndani anakuwa doa tu, sioni manyoya yanalalia wapi. Na huyo simchori kwa nyeusi ya kwenye tyubu, nachanganya buluu na kahawia, la sivyo anaonekana shimo. Wa manjano kama Bwana Shamba ni rahisi, ila nataka niione vizuri ile milia ya kwenye paji la uso, ndiyo inayomtofautisha na wenzake.

WhatsApp inabana picha, itume kama dokumenti. Na dai mchoro wa awali wa penseli kabla rangi haijagusa. Hapo ukisema mkia mfupi nafuta. Baada ya rangi, kila "naomba kidogo tu" ni siku yangu nyingine.

Mkuu, kwa mwezi mmoja usichukue rangi za mafuta. Juu zinaonekana zimekauka, lakini vanishi ya mwisho inasubiri miezi. Chukua akriliki, yaani rangi ya kuchanganya na maji inayokauka haraka, au penseli za rangi.

Mtu wa Maskati
Niliagiza Unguja nikapokea huku. Kanvasi isafiri bila fremu, imeviringishwa upande wa rangi ukiwa nje, ndani ya bomba gumu. Ukiweka rangi ndani inakunjamana na kupasuka. Na huko Tanga kwa unyevu ule, kama ni karatasi, kioo kisiiguse. Fundi fremu aweke kadi ya pembeni itenganishe, na isitundikwe ukuta unaovuja.

Mwenye uzi
Aisee, asanteni sana. Basi ni akriliki, na nitamuuliza wifi kimyakimya kama mama atakubali kuitundika. Brashi Kavu, shida moja: Bwana Shamba hatulii. Picha zote ninazo ni mkia unaondoka.

Brashi Kavu
Wifi amwekee dagaa juu ya kiti karibu na dirisha, achukue video, asipige picha. Nitumie nzima, nitatafuta mwenyewe pale alipoinua kichwa.