Wamenifungia chila (mashine ya kupoza maji ya tangi) kabatini wao wenyewe, leo wananiambia nimeiziba mimi!

Assalaam alaykum jamani. Mtanisamehe, leo naandika kwa hasira.

Nipo Muscat, nyumba ya kupanga. Ukumbini nina tangi la maji ya chumvi, lita 300, lenye matumbawe ya kuoteshwa. Nilikuwa nayo, niseme hivyo. Sasa hivi nusu yake ni meupe kama chokaa, na yale ya matawi nyama inabanduka yenyewe.

Mwezi wa nne nilinunua chila ya HP 1/10, riali 165 pamoja na kufungiwa. Duka silitaji, sheria za hapa mnazijua. Fundi wao akaisukuma chini ya tangi, ndani ya kabati, akatoboa tundu la kupitishia mipira miwili ya maji, akafunga mlango. Nikamuuliza, "Fundi, hii haitaki hewa?" Akanijibu, "Bwana, hii ni friji tu. Friji yako umeiwekea dirisha?" Nikacheka, nikamlipa. Mjinga mimi.

Jibu lile ndilo linaloniuma zaidi, maana ni friji kweli! Inalinyonya joto kutoka majini na kulitema nje kwa feni, na joto la kompresa juu yake. Ukiifungia kabatini inatema joto, inalivuta lilelile, inatema tena, mpaka kompresa inajizima. Baadaye nilitia kipimajoto humo: ukumbini 33, kabatini 46. Mashine ya kupoza maji imegeuzwa tanuri, na tangi limekaa juu yake!

Basi nikaenda Sur harusini, siku mbili. AC nikazima, kwa sababu dukani waliniapia chila peke yake inatosha. Maji niliyaacha 25.5, nimerudi nakuta 32. Pampu zangu zinakula wati 100 na joto lake karibu lote linaishia majini. Lita 300 kupanda digrii moja zinataka kama wati-saa 350, kwa hiyo pampu tupu zinapandisha digrii moja kila saa tatu na nusu, hapo ukumbi wenyewe hujauhesabu. Na maji yakipata moto hewa ndani yake inapungua, samaki wawili nimewakuta wanahema juu juu.

Marehemu baba alikuwa mvuvi Pemba. Mwaka 1998 bahari ilipochemka alirudi akasema miamba imekuwa meupe, sisi watoto tukadhani anatutania. Tumbawe likizidiwa na joto hutapika vile vimwani vinavyolilisha, likabaki ngozi na njaa. Sikutaraji kuyaona ukumbini kwangu, tena kwa kulipia.

Nimerudi dukani. "Waranti imekufa, umeiweka pasipo hewa." Aliyeiweka nani? Picha ya kabati ninayo, fundi wao mwenyewe aliipiga akanitumia WhatsApp na kidole gumba juu! Wakasema fundi yule hayupo tena. Kitabu cha maelekezo sikupewa. Nimekitafuta mtandaoni, na kinasema waziwazi mashine iachiwe nafasi pande zote. Halafu, sikilizeni hii, wakanishauri ninunue ya HP 1/4. Wataifunga wapi? Si kabatini humo humo!

Kwa sasa mlango nimeung'oa, AC usiku na mchana, na feni inapuliza juu ya maji. Inashusha digrii mbili hivi, lakini inakausha lita nne kwa siku, nami najazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, maana chumvi haiendi popote. Bili ya umeme sitaki hata kuifikiria.

Aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii Mamlaka ya Kulinda Mlaji hapa Oman anieleze: picha za WhatsApp wanazikubali, au wanataka karatasi? Na mwenye chila iliyokaa rosheni, mipira umeivuta mita ngapi, na pampu imehimili?

Wa kuniambia niuze tangi nifuge kasuku, apite kimya kimya.