Tupeane uzoefu: kutembelea Bahla na vijiji vya udongo vya Oman

Wadau, wengi wakienda Oman kusalimia ndugu huishia Maskati na Nizwa. Bahla iko kilomita 40 hivi magharibi ya Nizwa: ngome ya matofali mabichi juu ya msingi wa mawe, na ukuta wa udongo wa kilomita 12 hivi uliozunguka mji na mitende yake. UNESCO waliiorodhesha 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye urithi ulio hatarini, ikatolewa 2004. Anayejua aweke ya kumsaidia mtu, picha baadaye.

Fundi Udongo: Ukuta utazame kitako kwanza. Unyevu hupanda kutoka ardhini na chumvi. Maji yakikauka, chumvi huganda ndani ya tofali na kulimomonyoa. Chini panalika, juu pamesimama vizuri kabisa. Ukuta wa hivyo usiuegemee wala usipumzike kivulini mwake. Na dari: magogo ya mtende, juu yake makuti, kisha udongo. Mchwa hulila gogo kwa ndani, nje likabaki zima. Usipande dari ya nyumba iliyohamwa hata ukimwona mbuzi juu. Mbuzi hana kilo 80.

Bi Safari: Si wapige lipu ya saruji tu?

Fundi Udongo: Hapo ndipo ukuta unapokufa. Saruji haipitishi unyevu. Udongo wa nyuma unalainika, lipu inadondoka na nyama ya ukuta. Lipu yake ni udongo na mabua yaliyokatwakatwa, vikalowekwa siku kadhaa, na hurudiwa mvua zikiila. Penye maji ndipo huwekwa saruj ya Kiomani. Neno moja, vitu viwili: hiyo ni udongo uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa.

mwana_falaji: Nenda Novemba hadi Februari, kiangazi joto hupita nyuzi 40. Anza saa 2 asubuhi, maji lita 2 kwa kichwa, mabega na magoti yafunikwe. Ijumaa mchana usipange kitu. Gari usiliegeshe wadini (bonde la mto mkavu): mvua ikinyesha milimani, mafuriko hukufikia huku kwako jua linawaka.

Kwenye falaji (mfereji wa jadi wa kuleta maji kijijini), maji ya sehemu ya juu, yanakoanzia, ni ya kunywa, kisha ya kuogea, mwisho mashamba. Usitie miguu sehemu hiyo ya juu. Ukikuta mfereji umezibwa kwa jiwe na tambara, usiguse. Maji hugawiwa kwa zamu za saa, na ukilisogeza jiwe umemnyang'anya mtu zamu yake. Kijiji cha Misfat al Abriyyin, ambako njia ya miguu hufuata mfereji wenyewe, wageni hulikosea sana hili.

Bi Safari: Basi unganisheni na Jabrin, jirani tu. Kasri la Imamu (mtawala wa Oman) Bil'arab bin Sultan, karne ya 17. Nduguye Saif ndiye aliyekuwa imamu Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu, Mombasa, 1698. Dari za Jabrin zimechorwa maua, na vyumba vingine vina giza. Bebeni tochi.