Mnaoishi Ujerumani, tupeane uzoefu wa majirani

Ghorofa ya Nne
Wakuu, leo natoka kwenda kazini nakuta kikaratasi kimebandikwa mlangoni kwangu. Eti kuna chupa ya kioo kwenye pipa la manjano, na eti ni yangu. Jina la mwandishi hakuna, ila mwisho kaweka "kwa salamu za kirafiki". Mtu huyu tunapishana kwenye ngazi kila siku ya Mungu, mdomo anao, na Kijerumani nakisikia. Mlio huku, mnaishi nao vipi?

Fundi Bomba wa Bremen
Pipa la manjano ni la vifungashio, plastiki na makopo. Chupa za kioo zisizo na Pfand (ile amana unayorudishiwa) peleka kwenye makontena ya mtaani: nyeupe peke yake, kahawia peke yake, kijani peke yake. Na usizitupe Jumapili, zile kelele zitakuletea kikaratasi cha pili. Zenye Pfand rudisha dukani uchukue senti zako.

Binti Saidi
Fundi, kaulizwa majirani, wewe unajibu mapipa.

Fundi Bomba wa Bremen
Huku ni kitu kimoja.

Mama Pacha
Mimi wa chini yangu silaha yake ni ufagio. Wanangu wakirudi tu chekechea, hata viatu hawajavua, ngo ngo ngo darini kwake. Nimetandika mazulia nyumba nzima, ngo ngo ngo. Mwishowe akamwandikia mwenye nyumba, kaorodhesha tarehe na saa za kelele. Kumbe baadhi ya tarehe hizo sisi tulikuwa kwa dada yangu Köln, nyumba imefungwa! Nikatoa tiketi za treni, mwenye nyumba akanyamaza. Ufagio haujanyamaza.

Mzee wa Kontena
Mwonyeshe sheria ya 2011. Kelele za watoto si kero, bunge lilishapitisha.

Wakili Mtoro
Mzee, usimpoteze mama wa watu. Ile ya 2011 inahusu chekechea na viwanja vya michezo. Ndani ya fleti mnarudi kwenye mkataba na kanuni za nyumba. Mchana mtoto kukimbia hakuna jaji atakayekutimua kwa hilo, lakini saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kimya, walaze.

Mzee wa Kontena
Wewe wakili wa wapi?

Wakili Mtoro
Wa humuhumu.

Zamu ya Usiku
Hivyo vikaratasi vimenikumbusha kitu. Niko Stuttgart, ni muuguzi. Mlioko Swabia mnaijua Kehrwoche: kuna kibao kinaning'inizwa mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi ni zako, unafagia na kupiga deki, ukimaliza unakihamishia mlango unaofuata. Kwangu kilikuwa kinatoka kwa mzee mmoja mjane. Hatukuwa na mazungumzo zaidi ya "Grüß Gott", ila kibao chake kilikuwa hakichelewi, na ngazi akishazipitia zinanukia sabuni.

Kuna wiki hakikufika. Nikashukuru kimoyomoyo, maana nilikuwa na zamu za usiku mfululizo. Nikipita nakiona bado kinaning'inia kwake. Halafu pembeni yake kikatokea kikaratasi: tafadhali, ngazi hazijafagiliwa. Baadaye cha pili, mwandiko mwingine, kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Cha tatu kikataja kanuni za nyumba kifungu kwa kifungu. Na kule chini sanduku lake la barua limejaa matangazo mpaka yanadondoka.

Nikabonyeza kengele. Kimya. Nikamuuliza mama wa chini, akasema labda yuko kwa binti yake, mambo ya watu tusiyaingilie. Nikarudi juu, nikasogeza pua kwenye upenyo wa mlango. Muuguzi haambiwi ile harufu ni ya nini. Nikapiga 112. Zimamoto wakavunja kitasa. Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, na hakuwa wa jana wala juzi.

Jengo zima likatoka. Ndipo nilipozijua sura za watu wa ghorofa za juu. Mmoja wao nilimwona anabandua vile vikaratasi harakaharaka, anavifutika mfukoni, mkono unamtetemeka. Maiti nimeshaziona nyingi, hainisumbui. Linalonisumbua ni kwamba waliona. Watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliona kwamba pale mlangoni kuna jambo haliko sawa, na kila mmoja akaenda kutafuta kalamu.

Binti Saidi
Inna lillahi. Pole sana dada.

Ghorofa ya Nne
Aisee.

Kijana wa Leipzig
Jengo letu lilitokea hivyohivyo, sema huyo wa kwetu walimuwahi.

Bosi Mstaafu
Ndiyo maana nasema hawa watu hawana utu. Kila kitu wanacho, mtu ndiyo hawana.

Dada wa Kwaya
Bosi, usijumlishe. Jirani yangu ni bibi mzee kabisa. Barua ya ofisi ya wageni ilipofika, nami naitazama kama dawa ya kienyeji, yeye ndiye aliyenisomea. Siku ya Termin, yaani miadi ya ofisini, akapanda basi na mimi, akakaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani mpaka nikatoka na kibali. Kwani wewe jirani yako anaitwa nani?

Bosi Mstaafu
Jina lake lipo kwenye kengele.

Dada wa Kwaya
Sijauliza lipo wapi.

Mama Pacha
😂😂 Bosi kakamatika.

Wakili Mtoro
Ukihamia, pita kila mlango ujitambulishe. Ni utaratibu wao wenyewe: anayeanza ni mgeni. Wengi wetu tunasubiri wao waje, nao wanasubiri sisi.

Kijana wa Leipzig
Nilijaribu. Wa kwanza alisema hanunui kitu, akafunga.

Fundi Bomba wa Bremen
Dawa ni vifurushi. Mleta mizigo akikosa mtu humwachia jirani, wewe pokea vyote. Ukishikilia kifurushi cha mtu, lazima agonge kwako. Mimi hivyo ndivyo nilivyolijua jengo langu lote, mpaka nani ananunua viatu kila wiki.

Mzee wa Kontena
Siku kikipotea utamlipa wewe hivyo viatu.

Mgeni Njiani
Habari wakuu. Naanza Ausbildung (mafunzo ya ufundi kazini) Stuttgart, chumba sijapata. Ile nyumba ya yule mzee imeshapata mtu?

Binti Saidi
We mtoto!!

Bosi Mstaafu
Mnamshangaa nini? Mmeshawahi kutafuta nyumba Stuttgart?

Zamu ya Usiku
Ilishachukuliwa. Andaa karatasi ya Schufa (rekodi ya madeni yako), hati za mshahara za miezi 3 na fedha ya Kaution, yaani dhamana ya nyumba, nayo kisheria isizidi kodi ya miezi 3. Kama mshahara bado hujaanza, beba mkataba wa Ausbildung na umtafute mdhamini mapema. Mwenye kukuomba pesa kabla hujaiona nyumba ni tapeli, hata kama anaongea Kiswahili.