Hilux ya 1994: sili ya ekseli ya nyuma nimebadilisha mara mbili, bado inavuja

Viazi_Molo
Habari zenu wakubwa. Nina Hilux ya 1994, dizeli ya 2.4, si fobaifo. Ni ya baba, aliinunua nikiwa darasa la tatu, na sasa mimi ndiye ninayebebea viazi kutoka Molo kushuka Nakuru, mara tatu kwa wiki. Gurudumu la nyuma la kushoto linavuja. Nilianza kuona mwezi wa kwanza: tairi upande wa ndani lina michirizi myeusi, na vumbi la barabara limegandia kwenye rimu kama ukoko wa ugali.

Nilipeleka kwa fundi mmoja mjini, akabadilisha sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke kwenye ekseli. Baada ya wiki 3, ikarudi kuvuja. Nikaenda kwa mwingine, akasema ile ya kwanza ilikuwa feki, akaweka yake. Hiyo nayo ilidumu siku 11. Kila mara nalipia kazi, na kila mara pikapu inalala juu ya mawe siku nzima huku viazi vinangoja shambani.

Ila kinachoninyima usingizi si oili. Jumatano iliyopita nilikuwa nateremka Sachangwan na magunia 25. Nikikaribia Salgaa nikakanyaga breki, pikapu ikavutia kulia. Mnaoijua barabara ile mnajua watu wangapi wamepotelea pale. Nilirudi gia ya pili nikashuka polepole mpaka chini, lori zikinipigia honi nyuma.

Naomba mnisaidie. Ninunue sili ya tatu, au kuna kitu kingine? Na hizi breki shuu zilizolowa, fundi wa pili aliziosha kwa petroli akazichoma moto akasema zimepona. Ni kweli?

Spea_Kondele
Pole sana ndugu. Kabla ya yote hakikisha unachokiona ni oili ya difu, yale magia ya katikati ya ekseli ya nyuma, na si mafuta ya breki, maana silinda ya gurudumu ikivuja inachafua palepale. Chukua matone mawili uyatie kwenye glasi ya maji. Ya breki yatachanganyika na maji. Oili ya difu itaelea juu. Na harufu pia: oili ya difu ina kibiriti, inanuka karibu na yai viza. Nimeshawauzia watu sili hapa dukani, kumbe tatizo lao ni silinda.

Viazi_Molo
Imeelea. Na harufu ni hiyohiyo.

Fundi_wa_Kibuye
Kijana, sili ya tatu iache kwanza dukani. Sili haifi bure, kuna kitu kinaiua. Nafungua ekseli hapa Kibuye tangu enzi za Peugeot 504 na Datsun 1200, na sili iliyokufa kwa siku 11 siwezi kuilaumu yenyewe.

Lala chini ya pikapu. Juu ya bomba la ekseli utaona kidude cha chuma chenye kofia ndogo. Ndiyo briza, pua ya difu. Difu likipata moto, hewa ya ndani inatanuka na inatakiwa itokee hapo. Pua ikizibwa na tope, hewa inatafuta mlango mwingine, na mlango ulio karibu ni mdomo wa sili. Nawe unatoka mashambani, tope likikauka pale ni simiti. Shika kofia kwa vidole uizungushe. Isipocheza, ifungue, iloweke kwenye dizeli, ipulizie upepo wa kompresa. Halafu pikapu ikiwa mahali tambarare fungua bolti ya kujazia difu. Oili ifike ukingoni mwa tundu, isizidi. Kuna wanaojaza upande mmoja ukiwa bado kwenye jeki, kipimo kinadanganya.

Kisha beringi. Inua gurudumu, shika tairi juu na chini, litikise. Shafti, yaani chuma kinachozungusha gurudumu, ikiyumba, sili haiwezi kuifuata, ni mpira tu. Ukisikia mchezo, beringi ibadilishwe, na hiyo si kazi ya nyundo, ni kazi ya presi, kwa sababu imebanwa kwenye shafti pamoja na pete yake. Na mzigo wako uutazame. Magunia 25 ya kilo 50 ni kilo 1,250, na Hilux hiyo ni ya tani moja hivi. Kama kuna wanaokupakilia lumbesha, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, kuhesabu magunia hakukusaidii.

Kutoa shafti si kugumu: toa dramu, fungua paipu ya breki na kebo ya handbreki, fungua zile nati nne za nyuma, vuta. Sasa nakuomba usimame hapo ulipo, usikimbilie sili. Pangusa ile sehemu inayong'aa ambapo mdomo wa sili unalalia. Pitisha ukucha wa kidole gumba, taratibu. Ukucha ukikwama, hata kwenye mfereji mwembamba kama uzi, umempata muuaji. Sili mpya itakaa kwenye mfereji uleule na oili itapita chini yake, iwe jenuini au feki. Ikiwa mfereji uko kwenye pete, weka pete mpya. Ikiwa uko kwenye shafti yenyewe, kuna vikoti vyembamba vya chuma vya kuvalisha juu yake. Mimi mara nyingi huipiga sili isifike mwisho kabisa, naiacha nje milimita 2 au 3, mdomo ukapata chuma kizima. Lakini lazima ikae sawa pande zote. Ikiinama, umerudi ulikotoka.

Upande wa sili wenye springi utazame difu. Gongea kwa kipande cha mbao, patasi weka mbali. Paka girisi mdomoni. Na unaporudisha shafti, inyanyue kwa mikono miwili, mtu wa pili akumulike na tochi, usiiburuze juu ya sili: yale meno ya mwisho wa shafti hukata mpira kabla gari halijawashwa. Mafundi wengi wanaharibu hapo bila kujua.

Breki shuu tupa. Na za kulia pia, hata kama ni kavu, ili pande zote zishike sawa. Laini, ile sehemu ya shuu inayosugua dramu, imeshanyonya oili. Ukiichoma, juu inakauka. Ukiteremka mlima ikapata joto, oili iliyojificha ndani inatoka tena. Rudisha paipu, toa hewa kwenye breki, ndipo ubebe. Mtoto wangu, usishuke Sachangwan na mzigo kabla ya hapo.

Mchele_Ahero
Mzee amesema kweli kuhusu briza. Mimi nabeba mchele, na mafuriko ya 2024 nilivuka maji ya Nyando nikiwa nimetoka safari, difu moto. Difu la moto likiingia maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa inavuta, na briza ikiwa imeziba inavuta maji kupitia sili. Nilipofungua bolti, oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kaka, ukifungua, chovya kidole. Ukiona chai, mwaga yote uweke mpya, 80W-90 ya GL-5. Mimi nilichelewa, beringi zikaliwa na kutu.

Viazi_Molo
Mzee, shikamoo. Nimerudi baada ya wiki 3.

Briza ilikuwa imekufa kabisa. Nilipoilegeza kwa spana, difu likapumua, fsss, nikasikia kwenye mashavu. Oili haikuwa chai, dada, ilikuwa nyeusi tu. Beringi haina mchezo. Shafti tulitoa mimi na binamu yangu, nikapitisha ukucha mara mbili bila kuona kitu, mara ya tatu ukanasa. Mfereji wenyewe ukiutazama hauuoni mpaka uuzungushe kwenye jua. Sili nimeiacha nje milimita 2, nikapima kwa rula sehemu nne. Breki shuu nimebadilisha pande zote mbili, na sasa napakia magunia 20, naongeza safari.

Jana nimeteremka Sachangwan, nikakanyaga palepale. Imesimama imenyooka.

Leo jioni nimefuta ndani ya rimu na kitambaa cheupe. Kimetoka na vumbi tu, kavu. Baba alikuwa ameketi mlangoni, akaniomba nikimletee akione.