Mlango wa gereji wa rimoti hapa Malindi: tupeane uzoefu kabla sijatoa pesa

BiKasuarina: Assalaam alaykum wenzangu. Jana nimemwona jirani yangu amesimama mvuani, abonyeza rimoti na mlango wa gereji haujibu, nikakumbuka nimebakisha wiki moja nilipie mota yangu. Nyumba iko Casuarina, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. Mlango ni ule wa vipande vya chuma unaopanda hadi darini, tayari umeshawekwa, tunaufungua kwa mkono. Fundi ameniletea mota mbili na mimi naziona mapacha: rimoti mbilimbili, taa, nguvu ileile. Moja inavuta kwa mnyororo, nyingine kwa mkanda wa mpira, na ya mkanda bei yake imeizidi ya mnyororo kwa shilingi elfu kumi na nne. Aliyeishi nazo aniambie yaliyomkuta. Ya kwenye boksi nimeshayasoma.

Kaskazi82: Mkanda. Sisi tunalala juu ya gereji na tuna mnyororo. Kijana akirudi usiku nyumba nzima inaamka.

MamaWawili: Dada, umenitonesha kidonda. Mwaka jana mwezi wa tano, mvua za kusi, saa nane za usiku mwanangu wa pili kashikwa na pumu. Baba yao yuko Mombasa. Nikamfunga kanga, nikamlaza kiti cha nyuma, nikabonyeza rimoti: kimya. Stima imekatika, na mota yetu haikuwa na betri. Nikamulika kwa simu, nikaiona ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli, ambayo aliyeifunga hakuwahi kunieleza ni ya nini. Nikaivuta, ikalia tak. Nikainama kuunyanyua mlango, ukapanda upana wa kidole tu. Nikadhani nimevuta kamba siyo. Kumbe springi moja kati ya mbili ilishakatika zamani, mota ikawa inaukokota mlango na sisi hatujui. Nyuma yangu nasikia kifua cha mtoto kinapiga filimbi. Nikatokea mlango wa jikoni nikipiga mayowe. Akaja mlinzi wa jirani na vijana wawili wa bodaboda, wakapenyeza vidole chini ya ule mpira wa mlango, tukaunyanyua watu wanne, wakaubeba mabegani mpaka gari likatoka. Hospitali wakampa mvuke, asubuhi akaomba mahamri. Lakini mimi mpaka leo nikisikia ule mpira unavyobanduka sakafuni, moyo unanienda mbio.

PwaniTu: Subhanallah. Pole sana mamii.

Sabaki: Hao vijana wa bodaboda Mungu awalipe. Mtoto ana hali gani sasa?

MamaWawili: Mzima, alhamdulillahi. Anacheza mpira.

FundiBarani: Pole dada. Hili ndilo watu hawaambiwi. Uzito wa mlango unabebwa na springi, mota inausukuma tu. Kipimo chake: funga mlango, kama una mota vuta kwanza ile kamba nyekundu, ndiyo inayoutenga mlango na mota, unyanyue kwa mkono hadi usawa wa kiuno, kisha uachie polepole. Ukitulia hapohapo, springi ni nzima. Ukianguka, mota yoyote utakayonunua itakufa mapema. Na springi msiiguse wenyewe, imekazwa kwa nguvu za kuvunja mkono. Mkanda au mnyororo si hoja, muulizeni muuzaji kama betri imo ndani ya bei.

Kaskazi82: Si hoja vipi? Wewe hulali juu yake.

FundiBarani: Bwana, naongea usalama. Na kelele nyingi ni za magurudumu na bawaba zilizokauka.

Kaskazi82: Nimezipaka mafuta mara tatu. Usinifundishe nyumba yangu.

BiKasuarina: Jamani, nawaombeni.

WaMokowe: Mimi ni wa Lamu, kisiwani gari hatuna haja nalo, ila nyumba ya bara iko Mokowe. Mota yetu ilinyamaza ghafla. Fundi alipofungua kifuniko, sisimizi wamejaa juu ya bodi, mayai meupe kama chenga za mchele, na mjusi kafiri amekauka katikati ya nyaya. Tangu hapo kila tundu la waya nimeliziba kwa silikoni. Na mnyororo ulishika kutu mwaka wa pili tu, rangi ya chai. Kwa chumvi ya huku, chukua mkanda.

ShellaMpakaCalifornia: Kwetu ni Shella ya Malindi, niko Marekani. Yaliyomkuta MamaWawili huku yalizaa sheria. Moto wa nyika wa 2017 ulipokata umeme, kuna watu walishindwa kufungua gereji zao, na tangu Julai 2019 hapa California haiuzwi mota ya gereji ya nyumbani isiyo na betri ya akiba. Na macho ya pembeni, yale yanayourudisha mlango juu kitu kikipita, au kinga nyingine ya aina hiyo, ni lazima kwa mota mpya za nyumbani Marekani nzima tangu 1993. Macho yanafungwa chini, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, ili yamwone mtoto anayetambaa. Bi Kasuarina, macho yamo kwenye bei yako?

PwaniTu: Huko ni Marekani. Hapa macho yanajaa mchanga, mlango unakataa kufunga. Mimi niliyang'oa.

MamaWawili: Kaka, yarudishe leo. Kitambaa kikavu kila Ijumaa kinatosha.

FundiBarani: Yarudishe, ndugu yangu. Nakuomba.

BiKasuarina: Nimetoka gereji sasa hivi. Nimeunyanyua hadi kiunoni, nikaachia, ukashuka wote, nikauwahi kwa goti. Na mlango una miezi minne tu! Fundi nimempigia aje na springi, mota zote mbili zirudi dukani kwanza. Macho hayakuwemo kwenye bei, wala betri.

Kaskazi82: Akija, mwambie mkanda.