MREJESHO: Nyonga iliyochomoka, mtoto wa miaka 4

Wakuu, niliuliza: ivutwe na kufungwa plasta tu, au ifunguliwe kwa upasuaji na kurudishwa? Asanteni mliosisitiza kufungua. Kwa umri huu kuvuta tu mara nyingi hakutoshi. Mfupa wa paja ulipunguzwa sentimita 2, maana usipopunguzwa misuli huminya kichwa cha mfupa huo (kile kinachoingia kwenye nyonga) kikakosa damu. Paa la kikombe cha nyonga (tundu linaloshika kichwa hicho) likashushwa kwa upasuaji wa Pemberton, unaokunja paa na kupunguza upana wa kikombe, badala ya ule wa Salter, unaogeuza kikombe kizima bila kukipunguza, kwani kikombe kilikuwa kipana mno. Plasta kifuani hadi miguuni, wiki 6.

Eksirei: nyonga imekaa. Goti ndilo limetuangusha, linakunja nyuzi 70 tu, mazoezi yanaendelea. Pampasi ndogo ndani ya plasta, kubwa juu yake: aliyeshauri hilo abarikiwe, plasta haikuloa.