Naombeni ushauri: antivirusi gani inafaa kompyuta ya nyumbani? Flashi zote zimegeuka shotikati

Mwl_Busia

Habari za humu ndani wakubwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niko Busia upande wa Uganda. Nyumbani tuna laptopu moja, HP ya mtumba niliyonunua Kampala mwaka jana, ina Windows 10. Tunaitumia watu wanne. Mimi naandalia mitihani na kuweka alama za wanafunzi, mzee anaweka hesabu za duka, na watoto wawili, wa S3 (sekondari) na wa P6 (msingi), wanasema wanafanya homuweki.

Muhula uliopita nilipeleka flashi kuchapisha mtihani kwenye duka la kopi. Iliporudi, mafaili yote yakawa shotikati, yaani viungo vya mkato tu. Ukibofya, dirisha jeusi linachungulia nusu sekunde na kupotea, halafu faili linafunguka kama kawaida. Sasa kila flashi inayoingia kwenye hii laptopu inatoka na ugonjwa huohuo. Juu ya hapo, kuna kibango kinachojitokeza pembeni chini kila baada ya muda: kompyuta yako ina virusi vitano, lipa sasa.

Fundi wa hapa mjini anasema leseni ya antivirusi imeisha, nimpe 90,000 aniwekee ya mwaka mzima. Kijana wa jirani anasema nisitupe hela, niweke tatu za bure kwa pamoja, moja ikikosa nyingine inakamata.

Intaneti yangu ni bando la simu, nawasha hotspoti. Kwa hiyo siyo kila antivirusi nitaweza kuilisha. Nichukue ipi? Ninachoogopa kupoteza zaidi ni alama za wanafunzi.

Pengwini_Mbale

Toa Windows, weka mfumo wa Linux Mint badala yake mwalimu, usahau habari za virusi.

Jirani_wa_Malaba

@Pengwini wewe mtoto akiumwa jino, dawa ni Linux. Mume wake ana hesabu za duka humo, nani atamfundisha upya?

Fundi_Jinja

Pole mwalimu. Usimpe mtu 90,000 kwanza. Hapo una matatizo mawili tofauti, na lolote kati yake halijathibitisha kwamba unahitaji kununua kitu.

Tuanze na kibango. Uwezekano mkubwa hakitoki kwenye antivirusi yoyote. Kuna mtu hapo nyumbani alitembelea tovuti (za filamu za bure ndizo zinaongoza), ikauliza kama aruhusu taarifa, naye akabofya "Allow" ili iondoke machoni. Tangu hapo tovuti hiyo inarusha matangazo kupitia Chrome na kuyavika sura ya onyo la kompyuta. Fungua Chrome, nenda kwenye mipangilio, tafuta ruhusa za tovuti, kisha sehemu ya notifications. Kila jina usilolijua, ondoa. Kama kitanyamaza, ujue hakikuwa kirusi, alikuwa mchuuzi tu. Usilipie kitu kupitia kibango hicho na usipige namba yoyote iliyoandikwa humo.

Shotikati ndicho kirusi chenyewe. Mafaili yako hayajafutwa. Kirusi kimeyaficha, halafu kimeweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya shotikati, unakiwasha chenyewe kwanza (ndilo hilo dirisha jeusi), kisha kinakufungulia faili lako ili usishtuke. Kwa hiyo acha kubofya. Kuyafichua mafaili ni rahisi. Fungua Command Prompt na uandike hivi, ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Yatarudi. Ila kama laptopu yenyewe haijasafishwa, flashi itaugua tena palepale, ndiyo maana unaona kazi haiishi.

Kuhusu antivirusi tatu: mafahali wawili tu zizi liliwashinda, kijana anakuletea wa tatu? Kila moja inataka kukagua kila faili linalofunguliwa, na inaiona mwenzake kama mshukiwa. Laptopu itakuwa nzito na usalama hautaongezeka.

Dukani_Arua

Mimi natofautiana kidogo na fundi. Nina kompyuta ya duka, nalipia ESET mwaka wa nne sasa, sijajuta. Ya kulipia ina mtu wa kumuuliza ukikwama, na inakagua flashi mara tu unapoichomeka bila wewe kukumbuka. Mtu mwenye kazi muhimu asiishi kwa bure.

Fundi_Jinja

@Dukani_Arua sikatai, ESET ya Slovakia au Bitdefender ya Romania ni programu nzuri. Ukiwa na kompyuta ya biashara yenye wafanyakazi watano, lipia. Ila mwalimu tayari anayo moja hapo ndani. Windows 10 inakuja na Defender yake, na kwenye majaribio ya maabara kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria imekuwa ikisimama bega kwa bega na za kulipia kwa miaka kadhaa sasa. Ninachotaka kujua ni kwa nini ya kwake imelala.

Mwalimu, fanya vitu viwili kisha urudi hapa. Kwanza, fungua Windows Security, ingia kwenye ulinzi wa virusi, uone iliposasishwa mara ya mwisho. Humohumo kwenye mipangilio shuka chini hadi palipoandikwa Exclusions, uniambie pameandikwa nini. Pili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, uniambie kinachojibu.

Binti_Koboko

Nje ya mada kidogo, zile za bure mnazipendekeza kirahisi sana. Avast walikamatwa wakiuza historia ya kurasa ambazo watumiaji wao wanatembelea, kupitia kampuni yao tanzu ya Jumpshot. Waliifunga 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawatoza dola milioni 16.5. Na Kaspersky imepigwa marufuku kuuzwa Marekani tangu 2024 kwa sababu ya wasiwasi wao na Urusi. Huku kwetu bado unaweza kuinunua, basi kila mtu aamue anavyoona.

Jirani_wa_Malaba

Kumbe mlinzi ndiye anayesimulia ya ndani ya nyumba.

Mwl_Busia

Nimerudi. Kibango: nimekuta tovuti kumi na moja kwenye ile orodha. Kumi na moja! Nimezifuta zote, tangu jana jioni kimya. Asante sana fundi.

Defender inasema ilisasishwa mara ya mwisho miezi kumi na moja iliyopita. Kwenye Exclusions pameandikwa C:\ peke yake. Ile slmgr imeleta kidirisha chenye tarehe, kinasema leseni itaisha mwezi ujao.

Fundi_Jinja

Haya, mchawi amepatikana.

Hiyo C:\ kwenye Exclusions ina maana Defender imeambiwa: nyumba hii usikague chumba chochote. Haikujiandika. Aliyekuuzia aliweka Windows bila leseni halali, akaiamsha kwa programu ya kukraki. Programu hizo Defender huzikamata, kwa hiyo wanaifumba macho kwanza. Ile tarehe inaelekea hukohuko. Ni aina ya leseni ya makampuni ambayo hudumu siku 180 kisha inahitaji kuhuishwa, na kraki ndiyo inayoihuisha kwa siri. Windows halali ya nyumbani ingejibu kwamba imeamilishwa moja kwa moja, bila tarehe. Na kwa kawaida wakishafika hapo wanazima pia usasishaji, wasije wakaumbuka.

Sasa ona. Ungelipa 90,000, ungewekewa antivirusi mpya juu ya msingi huohuo. Mimi nisingeisafisha hata kidogo, ningeifuta yote na kupanda Windows upya. Habari njema ni kwamba hizi HP za mtumba nyingi zilikuwa za maofisi huko Ulaya na ziliuzwa na Windows halali. Kuanzia enzi za Windows 8, ufunguo wa leseni huwa umehifadhiwa ndani ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ukipanda Windows ya toleo linalolingana kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, inajitambua bila kukuomba namba. Unahitaji flashi ya GB 8 na mahali penye Wi-Fi, maana kinachoshuka ni zaidi ya GB 4. Usilifanye hilo kwa bando.

Kabla ya kufuta, nakili alama zako na hesabu za mzee. Chukua nyaraka na picha tu, usibebe programu yoyote wala shotikati.

Dukani_Arua

Hapo nimenyoosha mikono, fundi.

Afande_Bombo

Mwalimu, mimi ni mzee mstaafu, nisikilize kwa hili moja. Mei 2017 kulikuwa na WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai malipo kwa Bitcoin. Hospitali za Uingereza zilisimamisha kazi. Kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft walikuwa wamekitoa Machi, miezi miwili kabla. Waliosasisha hawakuguswa nacho. Sasa wewe una miezi kumi na moja.

Ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilipatwa na kitu cha jamii hiyo baadaye. Nakala tulikuwa nazo, kwenye diski ya nje. Tatizo diski ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ileile usiku na mchana, ikafungwa nayo. Kwa hiyo nakala ya alama zako ikae kwenye diski iliyochomolewa, kabatini. Ichomeke Ijumaa, nakili, chomoa.

Mwl_Busia

Nimekuelewa afande. Swali la bando: nikishapanda upya, kusasisha si kutanikausha? Bando lenyewe tunalilipia kodi ya asilimia 12 tangu 2021. Ndugu yangu aliniwekea kile kitu cha kuiambia Windows kwamba intaneti inalipiwa kwa kipimo, isinywe bando.

Fundi_Jinja

Hicho kiache, ni kizuri, kinazuia masasisho makubwa yasishuke bila ruhusa. Ubaya wake, orodha ya virusi ya Defender nayo inaweza kuchelewa. Dawa: kila unapowasha hotspoti, ingia Windows Security ubofye "Check for updates" kwa mkono wako. Kwa kawaida kinachoshuka ni kidogo ukilinganisha na video moja ya watoto. Masasisho makubwa subiri siku uko kwenye Wi-Fi ya mtu.

Jambo jingine, Microsoft walifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa ya laptopu yako ni kizazi cha ngapi?

Mwl_Busia

Stika inasema Core i5, kizazi cha 6.

Fundi_Jinja

Basi Windows 11 haiikubali rasmi, wanataka cha 8 kwenda juu. Utabaki na 10, ila jiandikishe kwenye mpango wao wa nyongeza wa masasisho ya usalama, unaofika Oktoba 2026. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi. Baada ya hapo uanze kudunduliza kwa ajili ya nyingine.

Pengwini_Mbale

Au baada ya hapo... sisemi kitu.

Binti_Koboko

Mwalimu, umesema kuna kijana wa S3. Facebook hapa kwetu imefungwa tangu Januari 2021, na vijana wote wanapitia VPN, zile programu za kuzunguka tovuti zilizofungwa. Angalia amepakua ipi na kutoka wapi. VPN za bure za tovuti usizozijua ni mlango mwingine kabisa, tena wengine wanafungasha na mambo yao humo.

Ukishapanda upya, akaunti ya msimamizi ibaki yako wewe na nenosiri lako. Watoto watengenezee akaunti ya kawaida. Wakitaka kusakinisha kitu, kompyuta itadai nenosiri lako, nao itabidi waje waeleze ni kitu gani. Hilo kwangu limesaidia kuliko antivirusi yoyote.

Mwl_Busia

Mrejesho wakuu. Jumamosi nilikuwa Mbale kwa binamu yangu mwenye Wi-Fi, tumepanda Windows upya. Kweli imejitambua yenyewe! slmgr sasa haileti tarehe. Defender iko kijani, Exclusions hapana kitu. Alama ziko kwenye diski, diski iko kabatini, ufunguo wa kabati ninao mimi. VPN zilikuwa mbili, na kijana amenuna tangu juzi.

Limebaki duka la kopi. Mitihani lazima ichapishwe, na kompyuta yao ndiko ugonjwa ulikotoka.

Fundi_Jinja

Tenga flashi moja ya dukani tu. Weka PDF ya kuchapishwa, kitu kingine kisiwemo. Ikirudi nyumbani, usifungue chochote, iformati kwanza.

Afande_Bombo

Na mwalimu, usiondoke dukani kabla hujahakikisha wamefuta. Huwa wananakili faili kwenye desktopu yao ndipo wachapishe, na linabaki pale. Mteja anayefuata anaweza kuwa mwanafunzi wako.

Mwl_Busia

Afande! Sasa ndiyo naelewa kwa nini S2 nzima ililipata lile swali la ngeli.